Taya la Kaimu

Punda anasingiziwa tu. Farasi akiamua kuwa mjinga, hakuna mnyama wa kumfikia. Kaimu, kwa mfano, alikuwa na banda safi, nyasi za kutosha, maji ya bomba, na mwenyewe aliyempenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake wa damu. Lakini raha yake kubwa duniani ilikuwa kung'ata chuma. Kila asubuhi akisubiri chakula, alilishika bomba la juu la geti kwa meno ya mbele akawa analiguguna, na mwenyewe alikuwa akimtazama na kucheka. Siku hiyo upepo ukang'oa bati la jirani, likatua uani kwa kishindo. Kaimu akashtuka, akajirusha nyuma kwa nguvu zake zote. Mwili ukaenda, meno yakabaki yamekwama kati ya bomba na komeo. Taya la chini likavunjika hapo mbele, nyuma kidogo ya meno ya kukatia nyasi, likaning'inia kama droo iliyochomoka.

Jina la Kaimu lina kisa chake. Mwenyewe alimnunua baada ya farasi wake wa kwanza kufa, akaapa mbele ya watu kwamba huyu ni wa kushikilia nafasi tu, hadi apatikane farasi wa maana. Miaka ikapita, wa maana hakutafutwa, na Kaimu hajathibitishwa kazini mpaka leo.

Basi akapakiwa kwenye lori, damu na mate vinamchuruzika, akapelekwa hospitali ya wanyama. Pale palikuwa na daktari ambaye watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Fundi Taya. Ng'ombe aliyepigwa teke, nyumbu aliyegongwa na gari, hata ngamia aliyegombana na mwenzake, wote waliopasuka taya waliletwa kwake, na wengi wao walirudi makwao wakitafuna. Tena hakuwa mgeni kwa mwenye Kaimu. Alikuwa amemwoa dada yake, marehemu sasa, kwa hiyo mwenye farasi na daktari waliitana shemeji.

"Shemeji, niokolee huyu," alisema mwenye farasi, mtu mzima na ndevu zake, kamasi zinamtoka. "Huyu akikushinda, na mimi nizike."

"Acha kulia, unamtisha mgonjwa."

"Mwache alie, Daktari," alisema Mama Ganzi, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, ambaye ndiye aliyewachoma wanyama sindano za usingizi na za ganzi. "Hata farasi mwenyewe ameshajua nani mgonjwa hapa."

Kaimu akaingizwa kwenye kizimba cha mabomba, akachomwa dawa ya kusinzisha, akabaki amesimama kwa miguu yake minne huku kichwa kikizidi kuwa kizito, mpaka Mama Ganzi akamwekea stuli yenye mto chini ya kidevu. Hapo ndipo shemeji, yule mwenye farasi, alipomwona binti wa Fundi Taya anavaa glavu. Huyu naye alikuwa daktari, akifanya kazi na baba yake tangu alipohitimu, na pale hospitalini wakimwita Daktari Mdogo ingawa alishaanza kuota mvi mbili tatu.

"Na wewe mwanangu unaingia?" aliuliza mjomba wake.

"Naingia, mjomba."

"Usinifikirie vibaya. Najua umesoma. Lakini kwa Kaimu nataka mkono wa baba yako. Wewe utajifunzia kwa ng'ombe wa watu wengine."

"Sawa, mjomba," alijibu, kwa ile sauti ambayo wanawake huitumia pale ambapo si sawa hata kidogo.

Sasa hapo ndipo Fundi Taya alipotakiwa aseme neno. Alijua fika kwamba mataya ya mwaka ule, mengi aliyatengeneza binti, na aliyatengeneza vizuri. Alijua na jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua, au ndivyo alivyoamini. Shina la kidole gumba chake cha mkono wa kulia lilikuwa limeanza kumuuma. Vifuniko vya chupa alivifungua kwa meno. Vifungo vya shati alivifunga akiwa ameketi kitandani, kimoja baada ya kingine, akitukana kimoyomoyo. Alijiambia ni baridi. Hakukuwa na baridi. Ukweli ni kwamba tangu mkewe afariki, kilichomtoa kitandani ni ile kazi, na aliogopa, aliogopa kweli kweli, kwamba siku atakayoliweka koleo chini atabaki mgane tu mwenye redio.

Na sifa nazo ni tamu jamani, tusidanganyane. Mtu akisema mbele ya watu kwamba anautaka mkono wako na si wa mwingine, ni wangapi watakataa?

"Nitafanya mwenyewe," alisema.

Kazi ya taya la farasi si ya kishujaa kama watu wanavyodhani. Ni kusafisha, kusafisha tena, na kufunga. Binti alisukutua mdomo wa Kaimu kwa mpira wa maji mpaka majani yote yakatoka kwenye ufa wa mfupa. Mama Ganzi akachoma ganzi kwenye kitundu kilicho ubavuni mwa taya, pale mshipa wa fahamu unapotokea. Kisha Fundi Taya akayainua yale meno yaliyolala, akayarudisha mahali pake kwa viganja viwili, polepole, mpaka mfupa ukakutana na mfupa, ukatoa mlio mdogo uliomfanya shemeji aende kushika ukuta. Kutoka hapo ni waya. Waya hupitishwa katikati ya meno, ukazungushwa jino hili na lile, na ule mkubwa kuliko yote hurudi nyuma kushikana na jino la chonge, ambalo farasi dume analo pembeni na lina mzizi usio na mchezo. Waya wa chonge ndio unaobeba taya zima. Nyaya nyingine ni wasindikizaji.

Na hapo pana sheria ya nyumba. Ncha mbili za waya zikikutana, zinashikwa kwa koleo na kusokotwa, na pale kwa Fundi Taya zilisokotwa upande wa kulia, kulia tu, siku zote. Yeye ndiye aliyeiweka sheria hiyo. Mdomo wa farasi ni shimo lenye mate na povu. Anayekuja baadaye kukaza waya haoni kitu, anapapasa tu. Akijua kwamba kila waya umesokotwa kulia, atakaza kulia bila kumuuliza mtu. Msaidizi aliyethubutu kusokota kushoto alitukanwa mpaka akatamani ardhi impasukie.

Waya wa kwanza ukaenda vizuri. Wa pili ukaenda, ingawa jasho lilianza kumtoka Fundi Taya pasipo joto. Alipofika kwenye waya wa chonge, akashika koleo, akavuta, akazungusha mara moja, na kidole gumba kikagoma. Hakikuuma tu, kiligoma, kikaacha koleo lilegee mkononi.

"Nta imelainika?" alimuuliza binti bila kugeuka. Ni ile nta ya meno inayofunikia ncha za waya zisimchane mnyama midomo.

"Bado ngumu kidogo."

"Kailainishe vizuri. Maji ya moto yako kule jikoni."

Binti akatoka. Mama Ganzi alikuwa ameinama anasikiliza moyo wa farasi. Shemeji alikuwa bado ameshika ukuta, amefumba macho. Fundi Taya akaukunjua ule mzunguko mmoja aliouanza, akahamishia koleo mkono wa kushoto, akavuta, akasokota kwa nguvu zote zilizobaki. Waya ukakaza, taya likatulia, mstari wa meno ukanyooka kama ulivyozaliwa. Alipumua. Hakuwaza kitu kingine zaidi ya kushukuru. Lakini mkono wa kushoto nguvu zake huenda upande wa pili. Ukitaka kujua, shika bisibisi kwa kushoto ujionee. Akakata ncha, akazikunja, na binti aliporudi na nta, akaipokea akaibandika mwenyewe.

"Umeshamaliza?"

"Nimemaliza."

Jioni hiyo Kaimu alikula pumba zilizolowekwa, akamaliza ndoo, akalamba ndoo. Shemeji alimkumbatia Fundi Taya mpaka miwani ikadondoka. "Mikono hiyo!" alisema. "Mikono hiyo iwekewe walinzi!"

Nyaya hulegea kidogo baada ya siku kadhaa, hilo ni la kawaida. Mnyama anatafuna, waya unajinyoosha, na mtu anakwenda kuukaza. Fundi Taya alimtuma binti kule bandani kwa mjomba wake, akisema yeye ana ndama wa kumhudumia. Ndama hakuwepo. Kukaza kunataka kidole gumba, basi.

Adhuhuri haijafika, lori la shemeji likaingia uani kwa kasi ya kuzima moto. Sauti yake ilitangulia kufika.

"Njoo uone! Shemeji, njoo uone mwanao alichonifanyia! Farasi alikuwa anakula! Alikuwa amepona! Mwanao kaingiza koleo lake, kazungusha mara mbili, waya tap! Taya limeachia tena!"

Binti alikuwa ameshuka upande wa pili, ameshika kamba ya Kaimu. Uso wake haukuwa na rangi. Mdomo wa Kaimu ulikuwa umelegea, na mate yenye damu yalidondoka kwenye vumbi.

Mama Ganzi akajaribu kutuliza mambo. "Kaka yangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Usiniletee methali za koleo! Koleo lina nini? Koleo zima! Limevunjika taya la farasi wangu!" Akamgeukia binti. "Nilisema. Nilisema sitaki! Na nimeshawapigia simu wenzangu wote wenye farasi. Mtu asije akakupa hata kuku!"

Na hayo hayakuwa maneno ya hasira tu yanayopita na upepo. Kila mwenye farasi, nyumbu na punda mjini pale alimsikiliza shemeji huyu. Ulimi wake haukuwa na mlango, lakini ulikuwa na wasikilizaji. Akisema daktari fulani hafai, basi hafai. Na Fundi Taya alishatangaza kwamba hospitali ile ataiachia binti yake. Daktari asiyeletewa wagonjwa ataachiwa nini? Kuta?

"Ulifanyaje?" Fundi Taya alimuuliza binti.

"Nilizungusha vibaya, Baba," alisema binti, anatazama chini. "Nilikosea upande. Kosa ni langu."

Akampa kisahani cha chuma chenye vipande vya waya uliokatika. Fundi Taya akakipokea, akaingia nacho ndani, akakiweka dirishani.

Mara ya kwanza alikasirika. Kukosea upande! Mtu aliyefundishwa kulia kabla hajafundishwa kushika kisu! Kisha akainua kipande kilichokuwa na kifundo, akakivalia miwani. Huku juu palipokatikia, waya ulikuwa umefumuka, umechoka kwa kurudishwa nyuma. Lakini shina la kifundo lilikuwa bado limekaza kama siku liliposokotwa, na mistari yake ilipanda kwenda upande usio wake. Aliyekaza alikuwa amezungusha kulia sawasawa. Aliyefunga ndiye aliyesokota kushoto.

Na waya ule ulifungwa na mtu mmoja tu.

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, yaani cha wenye wagonjwa. Akauona mkono wake wa kushoto unapokea koleo. Akaiona nta. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wa zamani, na yeye alikuwa ameisema methali hiyo kwa watu wengine mara nyingi tu, kwa wale wanaoleta ng'ombe ameshavimba.

Alimkuta binti kwenye chumba cha kunawia, anajisugua mikono ambayo ilishatakata.

"Umekiona kile kifundo," alisema.

"Kifundo gani?"

"Usinifanye mtoto. Umekiona kabla hujanipa kisahani."

Binti akafunga bomba. Hakugeuka. "Nimekiona kwenye lori."

"Na kidole je?"

"Kidole, Baba, nimekiona zamani. Shati lako la bluu hulivai tena kwa sababu lina vifungo vidogo. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Fundi Taya akashika hasira, maana ndiyo iliyokuwa karibu. "Kwa nini hukuangalia kabla ya kukaza? Daktari gani anakaza bila kuangalia?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha nisiangalie." Sasa aligeuka, na macho yalikuwa mekundu. "Kulia, kulia tu, usimuulize mtu. Si ndiyo maana ya sheria yako? Ingekuwa kazi ya mwingine ningeangalia. Ilikuwa ya kwako."

Nje shemeji alisikika akiongea kwenye simu, akirudia kisa chote toka kwenye bati.

"Kwa nini ulisema ni kosa lako?"

"Kwa sababu mimi nikikosea mara moja wataniita mtoto. Wewe ukikosea mara moja watakuita mzee. Mtoto hukua, Baba. Mzee anakwenda wapi?"

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Sikiliza. Nimeshafikiria. Mfupa ni mbichi bado, haujaoza, unafungika. Mjomba anataka Kaimu umfunge upya wewe, sawa, mwambie utamfunga. Tutamtoa nje, tutasema ni lazima kuwe na usafi. Wewe utasimama pale mbele, mimi nitasokota. Mama Ganzi hatasema. Kaimu atapona, mjomba atashukuru, yataisha."

Nakwambia, Fundi Taya alilitamani jambo lile. Tusimfanye malaika. Aliliona lote lilivyokaa sawa: farasi anapona, shemeji anakumbatia, jina linabaki palepale lilipo, na asubuhi anaamka ana pa kwenda. Halikuwa na tundu hata moja. Yaani lilikuwa na tundu moja, nalo limesimama mbele yake na mikono yenye maji.

"Na wewe?"

"Mimi nina miaka mingi mbele."

"Miaka ya nini? Ya kupewa kuku?"

Baba yake alimtazama usoni, akaona namna anavyouma mdomo wa chini ili usitikisike, na uchungu ukampanda kifuani, uchungu na aibu kwa pamoja. Alikuwa amemlea mtoto huyu ili asije akabeba mzigo wa mtu mwingine, na sasa amembebesha wake. Akachukua kisahani, akatoka nje.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, Kaimu kando yake, chupa ya maji mkononi haijafunguliwa. Alipomwona Fundi Taya akaanza upya. "Shemeji, sikulaumu wewe. Watoto wa siku hizi..."

"Hebu nipe hiyo chupa."

"Una kiu? Chukua."

Fundi Taya akaishika chupa kwa kushoto, akaweka mkono wa kulia kwenye kifuniko, akazungusha. Kifuniko hakikwenda. Akakaza meno, akazungusha tena mpaka jasho likamtiririka kwenye nyusi. Kifuniko kilikuwa kile kile cha chupa ya maji, kinachofunguliwa na watoto wa chekechea. Shemeji alianza kucheka akidhani ni mzaha, kisha akaacha.

"Huu ndio mkono uliotaka uwekewe walinzi," alisema Fundi Taya. "Umekufa hapo kwenye gumba, muda mrefu. Siku ile ulinishinda kwenye waya mkubwa. Nikamtuma mwanangu jikoni, nikafunga kwa kushoto, nikasokota kinyume na sheria yangu mwenyewe, nikafunika na nta. Yeye leo amekaza sawasawa. Alichokaza ndicho kilikuwa kibaya. Hiki hapa." Akamwonyesha kifundo. "Kosa si lake. Ni langu toka mwanzo mpaka mwisho."

Shemeji alikitazama kifundo kile, ambacho kwake kilikuwa waya tu kama waya nyingine. Akamtazama Fundi Taya. Kaimu alikohoa, akatikisa masikio.

"Lakini amesema mwenyewe ni kosa lake."

"Amesema."

"Na wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo. Nilikuwa sijajua. Nilipojua, bado nilikaa mle ndani muda, natafuta namna ya kutosema."

Shemeji akainuka kwenye ndoo. Alikuwa mtu mkubwa, na kwa kitambo Fundi Taya alidhani atapigwa, na akaona ni haki yake. "Nimemtukana mtoto wa dada yangu," alisema shemeji, sauti imeshuka. "Nimemtukana mbele ya watu. Nimewapigia simu watu. Kwa ajili yako wewe!" Akatembea hatua chache, akarudi. "Mungu anisamehe, shemeji, kama nisingejua dada yangu alikupenda namna gani, leo ningekuvunja hilo taya lako, tuone nani angekutengeneza."

"Yupo wa kunitengeneza. Yuko mle ndani ananawa."

Shemeji alitoa pumzi ndefu kwa pua, kama farasi wake. Kisha akachukua chupa mkononi mwa Fundi Taya, akakifungua kifuniko, akamrudishia.

"Kunywa," alisema. "Unatia huruma."

Akaingia ndani mwenyewe. Fundi Taya alibaki uani na chupa yake, hakusikia yote, lakini alisikia "mwanangu, nisamehe", alisikia simu ikipigwa na shemeji akisema kwa sauti ya juu, kwa yule aliyekuwa upande wa pili, "futa yote niliyokwambia, mimi ndiye mpumbavu," na kwa mtu kama shemeji hilo lilikuwa jambo zito kuliko kuuza banda. Kisha akaisikia sauti ya binti, fupi, kavu: "Baadaye, mjomba. Sasa hivi farasi."

Wakamrudisha Kaimu kizimbani. Mama Ganzi akamchoma sindano zake, anamnong'oneza, "Mume wangu, tumeonana tena, umenizoea mno." Safari hii mtu wa kushika kichwa cha farasi na kukitunza kwenye stuli alikuwa Fundi Taya. Ni kazi ya msaidizi. Alikuwa hajaifanya tangu ujana wake, akagundua kwamba kichwa cha farasi aliyesinzia ni kizito kuliko alivyokumbuka, na kwamba kwa mikono miwili, bila kutumia kidole gumba, alikimudu.

Binti akatoa nyaya zote, hata zile mbili nzuri. Hilo lilimuuma Fundi Taya, yeye angeziacha. Akasafisha ufa upya, muda mrefu kuliko ambavyo angesafisha yeye. Akatoboa kitundu kidogo kwa drili kati ya meno mawili ambayo yeye asingeyagusa. Fundi Taya akafungua kinywa kusema. Akakifunga. Binti akapitisha waya kwa njia yake mwenyewe, ndefu zaidi, akaurudisha kwenye chonge kutokea nyuma, na alipovuta, taya likapanda likakaa bila kusukumwa. Njia ile ilikuwa bora. Fundi Taya aliiona kuwa ni bora, na hakujua alichojisikia ni furaha au ni msiba, maana vyote viwili vilikuja pamoja vikakaa mahali pamoja.

Kesho angekuwa nani, hakujua. Huenda angefundisha. Huenda angeshika vichwa vya farasi mpaka mgongo nao ugome. Aliinama asogee karibu, alione koleo likiuma zile ncha mbili za waya, aone mzunguko wa kwanza unavyokwenda, kama alivyozoea kuinama maisha yake yote.

"Baba," alisema binti, macho yake hayakutoka kwenye kazi, "kichwa chako kinanikinga mwanga. Sogea."

Mama Ganzi alisita na bomba la sindano hewani. Shemeji, pale mlangoni, alikohoa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Fundi Taya asogee katika chumba kile.

Akasogea.